Moto wa Mlimani, ni Dhambi ya Nani?



Siku moja, baada ya mafundisho, mkatekumeni mmoja aliniuliza: «Mwalimu, kule mlimani hakuna shamba wala nyumba ya mtu. Nikichoma majani ili ng'ombe wapate malisho mabichi, nimemwibia nani?» Swali hilo halistahili kujibiwa kwa hasira. Tulifikiri pamoja, nanyi fikirini pamoja nasi.

Kwanza tuutazame mlima wenyewe. Aupandaye Kahuzi, mlima wetu wa Kivu wenye kimo cha meta 3,308, huona jinsi Muumba alivyoupanga kwa ngazi: msitu wa miti mirefu, kisha mianzi, na juu kabisa vichaka vya erika vyenye majani membamba kama sindano. Huko juu mimea hukua polepole kwa sababu ya baridi. Ukungu upitapo, majani na kuvumwani huunasa, nao hudondoka matone matone hata udongo ukashiba. Maji hayo hutufikia sisi bondeni.

Moto ukipita mara moja, mlima haufi. Erika huchipua tena shinani, na miche mipya huota. Lakini moto ukirudi kabla miche haijazaa mbegu, ukoo wake hukatika. Ukirudi tena na tena, hata mashina hudhoofika. Ndipo huingia magugu ya kangaga, ambayo mizizi yake hujificha chini ya udongo, na nyasi ambazo hukauka kila kiangazi. Hivyo moto wa jana huuandalia moto wa kesho njia.

Kilimanjaro, huko Tanzania, ni shahidi. Wataalamu walioulinganisha mlima huo wa mwaka 1976 na ule wa mwaka 2000 waliona kwamba misitu ya erika ya juu ilikuwa imepungua sana kwa kuungua mara kwa mara. Tena mwezi wa Oktoba 2020 moto uliteketeza huko kilometa za mraba 95 hivi.

Sasa turudi kwenye swali. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, yaamuru kwamba mtu akiwasha moto, nao ukashika miiba na kuunguza nafaka ya mwenzake, hana budi kulipa. Haiulizi kama alikusudia hasara hiyo. Aliwasha, naye hakulinda. Basi achomaye mlima huwapunguzia maji watu wa bondeni, na watoto ambao hawajazaliwa. Hao ndio anaowaibia, na amri ya saba yawalinda hao pia.

«Lakini mimi nilichoma mara moja tu,» asema mmoja. Jirani yake asema vivyo hivyo, na mwaka ujao mwana wa jirani. Kila mmoja ana moto wake mmoja, bali mlima umeipokea yote. Tusijifiche nyuma ya udogo wa moto wetu, ikiwa twajua kwamba mahali pale pamekwisha kuungua.

Je, maskini achomaye kwa kutafuta chakula? Mimi simhukumu sawa na mzembe. Hata hivyo moto wake wadhuru vilevile, na sisi tuliomwacha peke yake na njaa yake tuna sehemu katika kosa hilo.

Yule mkatekumeni alinyamaza kitambo, kisha akasema: «Nimekwisha kuchoma mara mbili. Nifanye nini?» Nikamjibu: Ndugu, majuto peke yake hayaoteshi mti. Usiwashe tena. Kiangazi kikija, fyeka njia ya kuzuia moto pamoja na jirani zako. Panda miche, uilinde mpaka izae mbegu.

Moyo wa mtu nao ni kama mlima. Kosa moja huacha jeraha liwezalo kupona. Kosa lirudiwalo huleta mazoea, na mazoea ni nyasi kavu. Tumwombe Mwenyezi Mungu, aliyetukabidhi viumbe vyake tuvitunze, atujalie kuuzima moto ungali mdogo.