Kupima Damu na Kuchungulia Ghaibu

Ndugu Waislamu, wako hapa Kipevu wasemao kuitafuta saratani katika damu ni kuchungulia ghaibu. Sivyo. Chembe za mwili zifapo huacha vipande vya DNA katika damu, na vya saratani vina alama zake. Avisomaye huona lililokwisha kuwako, si lijalo. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, na Lacor, Gulu, watabibu wamechunguza hivyo damu ya watoto washukiwao saratani ya tezi, ile aliyoieleza Daktari Burkitt mwaka 1958 nchini Uganda. Maradhi hayo hukua upesi mno, na yakiwahiwa huponyeka. Basi ni tawakuli gani kungoja taya livimbe? Lakini kumjulisha maskini ugonjwa wake kisha kumwacha bila dawa ni kumzidishia msiba. Kujua ni amana: mzazi asikawie, na jirani achangie.