Mzee Naye Ana Haki ya Kufundishwa

Mwaka 2004, huko Eldoret nchini Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 84. Moja ya sababu zake inatugusa sisi waumini: alitaka kuisoma Biblia mwenyewe.

Lakini je, kumfundisha mtu wa umri huo si kupoteza fedha ambazo zingewafaa vijana? Nakiri, wapendwa, swali hilo niliuliza mimi, usharika wetu ulipopanga darasa la wazee: kusoma, kunyoosha viungo, kupimwa shinikizo la damu na kujua chakula kinachofaa. Kwangu mimi, mzee alikuwa mtu wa kupelekewa sukari na blanketi, kisha aombewe.

Siku moja tulimtembelea bibi mmoja na kikapu chetu. Akashukuru, kisha akasema kwa upole, "Wanangu, nasikia sukari nimekatazwa. Daktari aliandika vyote kwenye karatasi, ila sijui kusoma."

Nilinyamaza. Miaka yote ile tulimhurumia, wala hatukumuuliza neno.

Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao, katika kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Mungu hakumwona amechelewa. Basi amri ya kuwaheshimu baba na mama haiishii kwenye kuwalisha. Anayemheshimu mzee humwamini kwamba bado anaweza kujifunza, na kuutunza mwili aliopewa na Mungu.

Tuendapo kwa wazee, tuwaulize kwanza wanataka kujua nini, ndipo tufungue kikapu.