Upesi na Uthabiti

Wahenga walituachia methali mbili zishindanazo: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Msomaji, ipi imfae mtu ambaye kazi yake hutegemewa na wenziwe?

Itazame Ubuntu, programu huria iendeshayo kompyuta, ambayo kila mtu aweza kuitumia bila malipo. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana ya utu. Ilipotolewa mara ya kwanza, Oktoba 2004, watengenezaji wake waliahidi toleo jipya kila miezi sita. Lakini toleo la Aprili 2006 lilikusudiwa kutunzwa kwa miaka mingi, nao wakaona halijakomaa. Walitangaza mapema, wakaliahirisha hadi Juni. Leo apendaye mambo mapya hupata toleo la miezi sita, litunzwalo miezi tisa. Atakaye utulivu hupata toleo la kila miaka miwili, litunzwalo miaka mitano.

Mfikirie mwanafunzi wa Mtopanga aandikaye insha katika kompyuta ya kukodi. Upya usiojaribiwa waweza kumpotezea kazi ya juma zima. Nyufa zisizozibwa zaweza kumfungulia mwizi mlango. Haraka ya mtengenezaji na uvivu wake humdhuru mtu yule yule, naye hakushauriwa.

Basi wema haumo katika upesi wala katika kukawia. Wema ni kumwambia mwenzio wazi unampa kitu gani, na utakitunza hadi lini, kisha kutimiza. Pasipo hayo, hata zawadi ya bure huweza kuwa dhuluma.