Brathe wa Ofisini

Nilikuwa na miaka 17 nilipokaa mbele ya afisa wa probesheni kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshikwa na simu ya wizi, na mahakama ya watoto ilitaka ripoti kabla ya kuamua nipelekwe wapi. Afisa mwenyewe alikuwa kijana. Aliniitishia chai na mandazi, akasukuma faili kando, akasema, "Mimi si karao. Nichukulie kama brathe yako. Niambie tu."

Nikamwambia. Nilimwambia jinsi Mathe alivyoanza kunywa baada ya kufutwa kazi, jinsi siku zingine mimi na sista yangu mdogo tulilala njaa, na jinsi nilivyomchukia usiku ule aliolala mlangoni akiwa bado ameshika funguo. Hizo stori sikuwa nimempa mtu yeyote.

Baadaye ripoti ilisomwa. Kesi za watoto hazisikilizwi mbele ya umma, kwa hivyo chumba hakikuwa na umati. Lakini Mathe alikuwepo, amevaa lile rinda lake la kanisani. Alisikia yote, hata funguo. Kwenye matatu alinyamaza mpaka tukashuka, ndipo akasema, "Kumbe ndivyo unavyonisema."

Miaka imepita na bado najiuliza: yule afisa alinikosea?

Ukimtetea, utakuwa na mengi ya kusema. Hakudanganya hata neno moja. Kazi yake ilikuwa kuieleza mahakama kijana huyu ametoka wapi na kwa nini amefika hapa. Na ukweli ni kwamba ile ripoti ilinisaidia. Kuna borstal za wavulana wa rika langu, Shikusa na Shimo la Tewa, na mtu anaweza kukaa huko hadi miaka mitatu. Mimi nilirudi nyumbani na probesheni ya mwaka mmoja. Kama afisa angefunga mdomo kuhusu njaa ya nyumbani, pengine hakimu angeona mwizi tu.

Kwa hivyo kosa, kama lipo, haliko kwenye kuandika. Nadhani liko kwenye lile neno: brathe.

Sisi tunagawa majina ya undugu bila kuhesabu. Konda anakuita "bro", mama mboga anakuita "mwanangu", na hakuna anayedhani amerithi shamba. Lakini ofisi ya probesheni si kibanda cha mboga. Kule, ukiitwa ndugu, unafungua mlango ambao kwa kawaida huwafungulia ndugu tu. Ndugu yangu wa kweli akisikia siri ya nyumbani, siri hiyo ni yake pia, na aibu ikitoka inampaka na yeye. Yule afisa alichukua haki ya ndugu, ile ya kusikia, akaacha deni la ndugu, lile la kusitiri. Wazee walisema ahadi ni deni. Jina la undugu nalo ni ahadi, hata kama umelitoa ukikoroga chai.

Sidhani alikuwa mtu mbaya. Shida hii ni kongwe kuliko yeye. Sheria ya Uingereza ya 1907, ambayo ndiyo mzizi wa kazi hii hata kwetu, ilimpa afisa jukumu la kumshauri mtu, kumsaidia, na kuwa rafiki yake. Sheria hiyo hiyo ilimtaka apeleke habari zake kortini. Hebu fikiria una rafiki wa namna hiyo. Ukikosea, anaandika, na ukivunja masharti, unaweza kurudishwa mbele ya hakimu ukajibu kosa lako la kwanza. Hata kuambiwa useme kama unakubali masharti ya probesheni kuna utani fulani ndani yake. Nani atakataa, na mlango wa pili ni wa kufungiwa?

Sheria zenyewe zimejitahidi. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa mtoto kuweza kuwajibishwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Lakini sheria haiingii ndani ya ile ofisi yenye viti viwili. Mle ndani kuna mtu mmoja anayejua kila kitu kuhusu mwenzake, na mwenzake hajui hata anaishi mtaa gani.

Afisa wangu wa pili alikuwa mama wa makamo, mwenye goti bovu. Nilimwita Madam. Yeye aliniita kwa jina langu, hakuwahi kuniita mwanangu. Siku ya kwanza, kabla sijakaa vizuri, alisema, "Chochote utakachoniambia naweza kukiandika. Nikiandika, nitakusomea kwanza. Kama kuna kitu hutaki kiandikwe, usiniambie."

Nikajiambia, poa, basi hupati kitu. Kwa miezi miwili jibu langu lilikuwa "niko sawa, Madam." Alikuja nyumbani kwa mguu, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne akijishikilia ukutani, akamsalimia Mathe kwa heshima, akauliza maswali machache, akaondoka.

Halafu kuna wiki niliteleza. Nililala nje siku mbili na maboyz wa zamani, na mmoja akanipa simu nimfichie. Nilimrudishia asubuhi, lakini nililala nayo usiku mzima chini ya mto. Siku ya kuripoti ilipofika, nikamwambia Madam.

Akaweka kalamu mezani. "Unajua nitaandika."

"Najua."

Aliandika mistari miwili, akanisomea. Alikuwa ameandika kwamba "nimerudia" genge. Nikasema sijarudia, nimekutana nao. Alifikiria kidogo, akakata neno, akaandika lingine. Kisha akaniambia kuanzia sasa nitaripoti kila wiki badala ya mara moja kwa mwezi. Iliniuma, lakini sikushtuka.

Kwa nini nilimwambia yeye, aliyeniahidi kuandika? Nadhani ni kwa sababu alikuwa mtu pekee wakati huo ambaye nilijua kesho atafanya nini. Maboyz sikuwajua. Mathe sikumjua, kuna siku alipika na kuna siku hakurudi. Madam nilijua kalamu yake itafika wapi. Kuaminiana kwetu hakukuwa kwa siri. Alinionyesha mpaka mapema, nikachagua mwenyewe kuuvuka.

Kuna mtu ataniambia vijana wengi hawatafunguka mbele ya mtu mkavu hivyo, na kwamba bila chai na utani afisa atapata uongo tu. Ni kweli, mimi mwenyewe nilimnyima miezi miwili. Pengine kuna kijana ambaye hana miezi miwili. Lakini sisemi afisa awe baridi. Mwanamke anayepanda ghorofa nne na goti bovu si baridi. Nasema atoe wema alio nao, asikope ule wa ndugu. Anaweza kukununulia chai na bado akakwambia, kabla hujapuliza kikombe, kwamba kalamu iko kazini.

Mwaka uliopita nilimwona Madam kwenye stage ya matatu. Nilikuwa na wenzangu wa kazini. Aliniona, nina hakika aliniona, kisha akageuza macho kuangalia barabara. Kwa sekunde kadhaa nilihisi vibaya, kama mtu aliyesahauliwa. Halafu nikaelewa. Angenisalimia, wenzangu wangeuliza tumejuana wapi. Aliniachia mimi niamue.

Nikavuka barabara, nikamsalimia. "Goti linaendeleaje, Madam?"

Akacheka. Akauliza kuhusu Mathe.