Kodi Yetu Inaporudi Kama Zawadi

Hapa kwetu Nyansiongo, Borabu, mwaka huhesabiwa kwa majani chai. Kuna malipo ya kila mwezi, ambayo huishia kwenye unga, sukari na sabuni, na kuna bonasi ya mwezi wa kumi, ambayo hulipa karo, huezeka nyumba na kufuta majina yetu katika daftari la deni dukani. Bonasi ikishaingia kwenye akaunti, mume na mke hukaa usiku wakapanga. Ni mambo mangapi wanayoweza kuyaamua wao wenyewe, bila kusukumwa na bila kuomba? Hicho ndicho kipimo changu cha uhuru, na kwa miaka yote niliyoishi hapa sijapata kilicho bora.

Siku hizi mazungumzo hayo ya usiku yamekuwa mafupi. Bei ya majani ina lawama yake, na yeyote anayefuatilia habari za chai anajua jinsi bonasi za viwanda vya Kisii na Nyamira zinavyoachwa nyuma na zile za Kirinyaga na Murang'a. Lakini upo mkono mwingine unaochota kabla yetu, na wengi hawauoni. "Kodi ni ya wenye mishahara," nimesikia mara nyingi watu wakisubiri lori la kiwanda. "Sisi wa majani hatulipi."

Tunalipa tangu alfajiri. Anza na petroli ya bodaboda. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 tozo ya ukarabati wa barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Ukijumlisha kodi na tozo zote, zaidi ya thuluthi ya pesa unazoacha kwenye kituo cha mafuta ni za serikali. Kijana wa bodaboda hawezi kuzibeba peke yake, kwa hiyo anapandisha nauli. Mwenye pikapu ya nyanya anampandishia mama mboga, naye mama mboga anapunguza fungu. Lori linalobeba majani yetu linatumia dizeli inayotozwa vivyo hivyo, na gharama za kiwanda hutolewa kwanza kabla mkulima hajahesabiwa chake. Kodi ya namna hii haina risiti yenye jina lako, ndiyo maana ni rahisi kudhani hujailipa.

Kisha kuna simu. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza ushuru unaotozwa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Mtoto aliye Nairobi akimtumia mama yake pesa za dawa, ada inakatwa, na ndani ya ada hiyo serikali ina sehemu yake. Na kuna soko. Ukishuka Keroka na ndizi zako unaingia katika mji uliopasuliwa na mpaka wa kaunti mbili. Kisii na Nyamira zimevutana kwa miaka juu ya nani akusanye ushuru pale, na anayeumia katika mvutano huo ni mchuuzi aliyeamka saa kumi usiku kuwahi nafasi.

Hebu sasa tumtazame huyo mtoto wa Nairobi. Tuseme mshahara wake ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Bima ya afya, asilimia 2.75, inachukua 825. Tozo ya nyumba, asilimia 1.5, inachukua 450. Makato ya NSSF kwa viwango vilivyoanza Februari 2025 ni 1,800. Kodi ya mapato, baada ya nafuu zote anazostahili, ni kama 730. Zinaondoka shilingi 3,800 hivi kabla hajaishika hata noti moja. Nakubali kwamba ya NSSF ni akiba yake, ataikuta uzeeni. Ila kwa hesabu ya mwezi huu, hizo ndizo pesa alizokuwa akituma nyumbani. Mshahara mmoja kutoka Nairobi hulisha milango mitatu au minne huku kwetu, kwa hiyo makato yake hayaishii Nairobi.

Wazee wetu waliijua kodi kwa ukali zaidi. Waingereza waliingia Gusii kwa bunduki mwaka 1905, wakarudi tena 1908 baada ya Otenyo, mpiganaji wetu, kumchoma mkuki Geoffrey Northcote, ofisa wa utawala. Nyuma ya bunduki ikafuata kodi ya kibanda. Mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu, tena kwa rupia, ilhali mali yake ilikuwa ng'ombe na wimbi. Rupia zilikuwa kwa mzungu, na njia ya kuzipata ilikuwa kumfanyia kazi. Vijana wakatoka kwao kwenda kwenye mashamba ya walowezi, na kuanzia miaka ya 1920 kwenye chai ya Kericho. Serikali ya kikoloni haikuhitaji kumfunga mtu kamba ili aende. Ilimdai tu fedha asizokuwa nazo. Hakuna aliyemuuliza babu kodi hiyo ijenge nini, wala hapakuwa na mahali ambapo angeweza kwenda kuuliza.

Lakini ardhi tunayochumia chai leo ina hadithi nyingine. Borabu ilikuwa ndani ya mashamba ya wazungu. Wakati wa uhuru serikali iliyanunua mashamba hayo chini ya mpango wa Ekari Milioni, kwa fedha nyingi zilizotoka Uingereza, ikayagawa kwa familia, na familia zikayalipia pole pole kwa mfuko wa makazi wa serikali. Nyansiongo ni moja ya skimu zilizozaliwa hivyo. Wapo waliouliza kwa nini tulipie ardhi ambayo mzungu aliichukua bila kulipa, na swali lao halijazeeka. Hata hivyo, mzee aliyekuja hapa na deni hilo alijua deni ni la nini. Aliziona ekari zake kila asubuhi.

Kwa hiyo siungi mkono wanaosema kodi ni wizi. Fedha za umma zimewahi kutupa mahali pa kusimama. Mwaka 2003 ziliondoa karo katika shule za msingi, na watoto waliokuwa wakichunga ng'ombe wa watu wakarudi darasani kwa wingi hadi madawati yakakosekana. Kodi inayofanya hivyo inaongeza uhuru wa mtu. Mzazi aliyetua mzigo wa karo anaweza kununua ndama, kupanda parachichi, hata kukataa kazi ya kijungu jiko.

Kinachonichoma ni kulipa mara mbili. Mama anafika kituo cha afya kujifungua, anaambiwa anunue glavu. Mchangiaji asiye na mwajiri anatakiwa kulipia bima mpya ya afya angalau shilingi 300 kwa mwezi, na utaratibu wa kawaida ni kuzilipa za mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600. Kwa mtu anayechuma majani ya mwenzake kwa kilo, hizo ni pesa za chakula cha siku nyingi. Serikali iliahidi shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba hazina haiwezi tena kulipa kiasi hicho chote. Nampa haki yake kwa kusema wazi. Ila pengo hilo halikubaki hazina. Lilitembea hadi kwa mzazi, likaitwa pesa za chakula, za masomo ya ziada, za ukarabati. Mzazi huyo ndiye aliyelipa kwenye petroli, kwenye simu na kwenye sukari. Sasa analipa tena shuleni, na mara hii hapati nafasi ya kupanga.

Liko jambo lililo zito kuliko hilo, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Nilikutana na omong'ina, yaani bibi mzee, mmoja wa huku kwetu akitoka kuhangaikia basari ya mjukuu wake. Fomu ilikuwa imepita kwa naibu wa chifu, kwa chifu, kanisani na shuleni, na kila mahali ilihitaji muhuri. Nikamuuliza kama amefanikiwa.

"Nimepewa elfu tatu, tata," akaniambia. "Mheshimiwa ametukumbuka. Mungu amzidishie."

Nilitaka kumwambia kwamba zile elfu tatu ni zake. Zilitoka kwenye chumvi aliyonunua, kwenye mafuta ya taa, kwenye salio la simu yake ndogo. Zilikwenda Nairobi bila kuulizwa kama zinapenda, zikakaa katika ofisi kadhaa, kisha zikarudi Borabu zimepungua na zimevalishwa jina la mtu. Sikumwambia, kwa sababu alikuwa na furaha na mjukuu alikuwa anangojea. Lakini nilitembea na maneno yake njia nzima.

Tazama kilichomtokea. Alilipa kama raia, akapokea kama mwombaji. Kesho kutwa mheshimiwa akija kwenye mchango wa kanisa, bibi huyo atasimama na kumpigia makofi. Hataweza kumuuliza kwa nini daraja limekaa miaka bila kukamilika, kwa sababu kwetu mtu mwenye adabu hamhoji aliyemsaidia. Sheria haikumfunga mdomo. Amefungwa na shukrani, na shukrani yenyewe imetokana na pesa zake. Huo ndio uhuru ninaouona ukitutoka, na sipati mtu wa kumshtaki kwa kuuchukua.

Basari zenyewe ni nyingi. Kuna ya mbunge kupitia mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, iliyoanza mwaka 2003 ikiitwa CDF. Kuna ya mwakilishi wa wanawake. Kuna ya kaunti. Kila mfuko una fomu yake, foleni yake na picha yake. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba, na moja ya hoja ilikuwa kwamba mtunga sheria hawezi pia kuwa mtoaji wa miradi. Najua watoto wengi wa hapa wamesomeshwa na mfuko huo, na madarasa mengi yamejengwa nao. Siwezi kuyabomoa kwa kalamu. Ninachosema ni kwamba mtoto yuleyule angeweza kusomeshwa na fedha zilezile bila bibi yake kuzunguka na fomu. Fedha hizo zipelekwe moja kwa moja shuleni, kwa kila mwanafunzi, kwa kiwango kinachojulikana. Karani wa hazina hahitaji makofi.

Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Nilidhani tumefika mahali. Hazikupita siku nyingi, mabahasha yakaanza kuonekana tena makanisani. Ofisa ambaye mshahara wake unajulikana anatoa kwa siku moja kiasi ambacho mkulima hakioni kwa bonasi ya miaka mitano, na hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Wachungaji wetu wangeweza kuuliza. Wanaulizia mahari, wanaulizia pombe, basi waulizie na hilo.

Tangazo la Rais lilikuja siku chache baada ya Juni ile ambayo hakuna familia itakayoisahau. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa umependekeza kodi ya ongezeko la thamani kwa mkate, ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana wakajaza barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Kisii. Tarehe 25 Juni waliingia bungeni, risasi zikapigwa, watu wakafa. Kesho yake Rais akasema hatatia saini. Wengi waliouawa katika maandamano ya wiki hizo walikuwa rika la watoto wetu. Walikuwa wamesoma mswada ule kifungu kwa kifungu kwenye simu, wakatafsiriana kwa lugha za mama, wakapiga hesabu ya bei ya mkate. Hiyo ilikuwa kazi ya uraia iliyofanywa vizuri kuliko tulivyowahi kuifanya sisi, na waliolipa gharama yake ni wao.

Mswada ulikufa, deni halikufa. Mwaka 2025 deni la taifa lilipita shilingi trilioni 11, na riba hulipwa kabla ya dawa, kabla ya chaki. Nani aliyelikopa, kwa mradi upi, na mradi huo uko wapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 201, inataka fedha za umma zishughulikiwe kwa uwazi na uwajibikaji, wananchi washirikishwe, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kila mwaka ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutaja miradi iliyolipiwa ikakwama na matumizi yasiyo na hati. Ripoti hizo ni zetu, ziko wazi, na huku Borabu sijaona baraza lolote lililoitishwa kuzisoma.

Tunaweza kuanza na kidogo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Huhitaji wakili wala mheshimiwa. Ninakusanya majirani wachache tuandike barua moja kwa kila ofisi inayogawa basari hapa Borabu. Tunauliza imepokea fedha kiasi gani mwaka huu, imelipa shule zipi, na kila shule imepata ngapi. Majina ya watoto hatuyataki. Majibu tutayabandika nje ya ofisi ya chifu, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, kwa herufi kubwa ambazo omong'ina anaweza kuzisoma bila miwani.