Salamu Haina Mwenyewe, Wimbo Je?

Ukishavuka Daraja la Nyali, barabara ya Malindi inakupitisha Kisauni, wanakoishi wapishi, walinzi na wahudumu wengi wa hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu. Wanamuziki nao wamekula riziki ya hoteli hizo hizo. Mwaka 1972 ndugu wa ukoo wa Harrison waliunda bendi mjini Mombasa wakaiita Them Mushrooms. Ndani yake walikuwamo Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, John Katana na Dennis Kalume. Usiku waliwapigia watalii ngoma ya chakacha iliyochanganywa na mitindo ya kigeni. Msimu wa wageni ukipita, bendi ya hoteli nayo hukosa kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakatoa Jambo Bwana, utunzi wa Kalanda. Redio ikauchukua, na wimbo ukawatangulia hata walikokuwa hawajafika. Mwaka 1983 Boney M. wa Ujerumani Magharibi walikuwa wameshaurekodi kivyao. Mombasa Roots, Safari Sound Band na Khadja Nin wa Burundi nao wameuimba. Mwaka 1987 ndugu hao walihamia Nairobi.

Maneno ya wimbo huo, hata hivyo, ni salamu na makaribisho ya kila siku. Je, mtu anaweza kumiliki kitu kilichotokana na vinywa vya watu wote?

Wako wanaojibu kwa imani: kipaji ni cha Mungu, na aliyepewa bure asitoze. Lakini dini zenyewe hazimruhusu mtu kula jasho la mwenzake. Hadithi ya Mtume inahimiza kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka, na Injili ya Luka inasema mtenda kazi anastahili ujira. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 liliamua kwamba haki ya mtunzi ni mali yenye thamani, na kuivamia ni haramu. Kipaji ni majaliwa. Kukesha na gitaa mpaka sauti zikae pamoja ni kazi.

Mwaka 1689 mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliitetea mali kwa msingi huo wa kazi, ila akaweka sharti: wengine waachiwe cha kuwatosha, kizuri vilevile. Kalanda alilitimiza. Baada ya wimbo kutoka, hakuna mtembeza wageni wa Fort Jesus aliyezuiwa kuamkia. Kampuni ya Disney ilikwenda kinyume: mwaka 1994, ilipotoa filamu ya The Lion King, iliomba Marekani haki ya kutumia peke yake maneno “Hakuna Matata” kwenye nguo, ikakubaliwa mwaka 2003. Ndugu wa Mombasa walichukua salamu wakaifanya wimbo. Disney ilichukua maneno kama yalivyo ikayawekea uzio, na mwaka 2018 maelfu ya watu wakatia saini kupinga.

Hata hivyo, sharti la Locke linawarudia wanabendi wenyewe. Chakacha waliyoipeleka hotelini ni ngoma ya wanawake wa Kiswahili, ya harusini, iliyochezwa vizazi kabla ya gitaa la umeme. Walioikuza hawamo kwenye jalada la santuri. Kwa wazee waliojulikana majina, bendi ilijua kurudisha fadhila: ilirekodi na Fundi Konde, mpiga gitaa wa zamani, na Malika, malkia wa taarabu. Lakini utamlipaje bibi asiye na jina?

Sheria ya Kenya ya 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ya 2016 inazilinda sanaa za jadi za jamii, na inazitaka kaunti ziziandikishe. Chakacha ikiingia daftarini, ugomvi utahamia kwenye mgao: hoteli ya Bamburi ikilipia muziki wa usiku mmoja, fungu la ngoma lipelekwe Mvita, Lamu au Unguja, na nani atalitilia saini kwa niaba ya wanawake hao?