Kiumbe Huyu au Kiumbe Hiki?

Anayetaka kuandika kwa Kiswahili juu ya kazi ya Thomas Ray hukwama katika sarufi kabla hajafika kwenye falsafa. Aseme "kiumbe huyu" ama "kiumbe hiki"?

Ray, mwanazuoni wa Kimarekani, alitumia miaka mingi kuchunguza misitu ya mvua ya Costa Rica. Kisha, mwaka 1990, badala ya kuwatazama tu viumbe aliowakuta, aliunda wake ndani ya kompyuta. Wa kwanza alikuwa na amri 80, zote za kazi moja: kujinakili. Ray akaongeza makosa madogo madogo ya unakili, na mvunaji wa kuwafuta wazee pindi nafasi inapojaa. Ulimwengu huo akauita Tierra.

Akawaacha waendelee. Hawakukawia kuzuka vimelea wenye amri 45, wasioweza kujinakili ila kwa kuazima amri za jirani. Wenyeji nao wakajipatia kinga. Wakafuata wengine waliowapora vimelea wale. Hakuna mkono wa mtu ulioandika hata mmoja wao. (Msomaji ameona: kalamu imekwisha kuwahesabu pamoja na watu na wanyama bila kuniuliza.)

Ray hakusema kwamba huu ni mfano wa uhai. Alisema ni uhai wenyewe. Sarufi haiwezi kutuamulia, kwani hata mwembe, ambao hakuna anayeutilia shaka uhai wake, twauita "huu". Mimi namkubalia Ray neno hilo bila ugomvi. Kinachonifanya nisite ni jambo jingine: kiumbe wa Tierra akifutwa, hurudishwa kutoka akiba, amri kwa amri. Asiyeweza kupotea hadhulumiwi.

Katikati ya miaka ya 1990 Ray alipendekeza hifadhi mbili: moja ya msitu wa Costa Rica, nyingine ya viumbe wa tarakimu katika mtandao wa kompyuta. Mizani hiyo siikubali. Msitu ukifyekwa hauna akiba.

Lakini tuseme mwenye mashine hakuweka nakala, wala hakuandika alivyoanza, na umeme ukakatika usiku. Vizazi kwa vizazi vya wenyeji na vimelea vimekwenda, na hapatatokea tena wengine kama wao. Hapo hoja yangu ya akiba haipo tena, na bado silii. Je, ni haki inayonizuia, au ni kwa kuwa hawakuwa na damu?